Mashine ya XRF na bangili ya Bibi: tusiipe sifa isiyo yake

Mwaka jana nilirudi nyumbani Kanyenye, Tabora, nikiwa na mwenzangu wa masomo aliyekuwa na mashine ya XRF ya mkononi kwa ajili ya kazi yake ya shambani. Hata kama jina hulijui, mashine yenyewe huenda umeiona: ina umbo la bunduki, uzito wa kilo moja na nusu hivi, na wanunuzi wa dhahabu wanaitumia. Bibi akaleta bangili ya waya mwembamba aliyoachiwa na mama yake. Mwenzangu akaipima kwa sekunde 30, kioo kikaandika shaba, zaidi ya asilimia 98.

"Bibi, hii imetoka Katanga!" akasema.

Bibi alifurahi kweli. Mimi nikanyamaza, na mpaka leo najilaumu. Makala hii ndiyo maneno niliyopaswa kusema palepale.

Tuanze na haki ya mashine. Eksirei ikigonga atomu, inang'oa elektroni ya ndani. Elektroni ya nje inashuka kuziba pengo, na nishati inayobaki inatoka kama eksirei nyingine. Mwaka 1913 Henry Moseley alionyesha kwamba nishati hiyo hufuata namba ya atomu, kwa hiyo kila elementi ina sahihi yake. Shaba hutoa 8.05 keV, zinki 8.64. Mashine inazihesabu na kukupa jibu bila kukata wala kuyeyusha kitu. Kwa bangili ambayo mwenyewe hataki ichubuliwe hata kidogo, hilo si jambo dogo.

Na kwa Tabora, kutenganisha shaba na zinki ni swali zito. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora hiihii, Novemba 1857, mji ulikuwa njiapanda. Kutoka pwani zilikuja nguo, shanga na marobota ya waya wa shaba ya manjano. Kutoka magharibi ilikuja shaba nyekundu ya Katanga, biashara ambayo Wanyamwezi waliifuata hadi kwenye machimbo, na Msiri, mtu wa huku kwetu, akaishia kujenga dola lake Bunkeya. Kiswahili cha kila siku kinaziita zote mbili "shaba" tu. Mashine inazitenganisha mara moja, kwa sababu ya manjano ina zinki. Tena zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kabla shaba haijafikia nyuzi 1085 za kuyeyuka, kwa hiyo kuichanganya na shaba kunahitaji ufundi maalumu ambao wayeyushaji wa Katanga hawakuutumia. Ukikuta zinki nyingi kwenye waya wa zamani hapa Unyamwezi, unaweza kusema bila hofu kwamba umepanda kutoka pwani.

Sasa geuza sentensi hiyo uone inavyovunjika: "hakuna zinki, basi ni Katanga." Kwani Ulaya hawakuwa na shaba nyekundu? Walikuwa nayo, na waya wake uliuzwa duniani kote. Kukosa zinki kunakuambia bangili si ya shaba ya manjano. Basi. Hapo ndipo mwenzangu aliporuka mto mzima kwa hatua moja.

Halafu kuna ile asilimia 98, ambayo mimi ndiyo inaniudhi zaidi. Mashine nyingi zikiwekwa kwenye hali ya kupima metali hulazimisha jumla iwe 100. Oksijeni na kaboni hazizioni kabisa, maana eksirei zao ni dhaifu mno. Ukipima kutu ya kijani iliyojaa oksijeni, mashine inagawa nafasi hiyo kwa elementi inazoziona, na unapata "shaba safi" kutoka kwenye kitu ambacho si metali tena. Namba ina nukta na desimali, inaonekana ya kisomi, lakini sehemu yake ni hesabu ya kuziba mapengo.

Isitoshe, inasoma ngozi tu. Kwenye shaba, kinachorudi kwenye kipokezi kinatoka kwenye tabaka jembamba kuliko unywele. Bangili ya Bibi imevaliwa, imesuguliwa kwa majivu, imekaa kwenye jasho kwa miaka mingi, na mambo hayo yanabadilisha ngozi ya metali. Mnunuzi wa dhahabu analijua hili bila digrii: kitu kilichopakwa dhahabu nene kitasomeka dhahabu tupu, ndiyo maana mzoefu hupima na uzito wake kwenye maji. Sisi wasomi ndio tunaosahau.

Usinielewe vibaya, mashine hii inaweza kutaja chanzo pale mazingira yanaporuhusu. Kioo cha volkano cha Bonde la Ufa ni mfano mzuri: kila mlipuko una mchanganyiko wake, na kipande hakiyeyushwi upya. Merrick na Brown walishaonyesha mwaka 1984, kwa vifaa vya maabara, kwamba vyanzo vya Kenya na kaskazini mwa Tanzania vinatenganishika. Shaba haina bahati hiyo. Inayeyushwa, inachanganywa, bangili iliyovunjika inaingia kwenye chungu kimoja na waya wa pwani. Jay Stephens, David Killick na wenzao wamefuatilia mikuo ya shaba ya Zambia na Zimbabwe hadi kwenye machimbo yake, lakini kwa isotopu za risasi pamoja na kemia, na hiyo ni kazi ya maabara inayotaka sampuli.

Nilimpigia Bibi wiki iliyopita nikamweleza haya yote, taratibu.

"Kwa hiyo si ya Katanga?"

"Hatujui, Bibi. Inaweza kuwa. Tukitaka kujua, lazima tukwangue kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikamwambia, kama punje ya chumvi. Akakaa kimya, akaniuliza kama nimeshakula, kisha akasema atazungumza kwanza na dada yake aliyeko Urambo, maana bangili si yake peke yake.