Nguo Mpya na Wimbo wa Kale

Aghalabu mtu akitajiwa Waskoti, picha moja humjia mbele: mwanamume aliyevaa kilti, yaani kikoi cha mikunjo kilichofumwa kwa miraba ya rangi, naye amekumbatia kwapani zumari yenye mfuko wa upepo. Huambiwa kwamba kila ukoo una miraba yake, iitwayo tartani, na kwamba mababu waliivaa tangu zamani zisizojulikana. Picha hiyo ndiyo iliyomsumbua Hugh Trevor-Roper, mwanahistoria Mwingereza wa Oxford, hata akaiandikia sura nzima katika kitabu cha The Invention of Tradition, kilichohaririwa na Eric Hobsbawm na Terence Ranger, kikachapishwa mwaka 1983. Msomaji, nakusudia kuipima sura hiyo pamoja nawe. Ni maandishi matamu, yana hoja nzito, walakini yana upofu wa namna ambayo sisi wa Afrika twapaswa kuitambua upesi.

Hoja yake ni kwamba mila hiyo haikurithiwa bali ilitungwa, tena juzi. Vazi la asili la watu wa milima ya kaskazini mwa Uskoti lilikuwa nguo ndefu ya sufu, aliyojitanda mtu mwili mzima na kuifunga kwa mshipi, na usiku ikawa blanketi lake. Kilti fupi, asema, ilianzishwa na Mwingereza, Thomas Rawlinson, Mkweka mwenye tanuri la kuyeyushia chuma katika nchi ya Glengarry, kabla ya kupita nusu ya karne ya 18. Rawlinson aliona wafanyakazi wake wakitaabika kwa urefu wa nguo, akaagiza sehemu ya chini ikatwe na kushonwa mikunjo. Habari hii imetoka katika barua iliyoandikwa mwaka 1768 na kuchapishwa mwaka 1785, na Waskoti wengi hawajapenda kuikubali. Mimi sioni sababu ya kugombana nayo. Suruali yako wewe nayo ilikatwa na fundi fulani, siku fulani.

Palipo na uzito zaidi ni pale anapoeleza jinsi kila ukoo ulivyopata miraba yake. Tarehe 16 Aprili 1746, wafuasi wa Mwanamfalme Charles Edward Stuart walishindwa vibaya katika uwanja wa Culloden. Serikali ya London ikatunga sheria ya kuwakataza wanaume wa milimani kuvaa mavazi yao, isipokuwa wale walio katika majeshi ya mfalme. Sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1782. Katika miaka hiyo maskini walizoea suruali, na vazi lililokatazwa likawa sare ya askari na pambo la mabwana. Kisha wakaja wafumaji. Kampuni ya William Wilson na wanawe, pale Bannockburn, ilikuwa na mitindo mingi ya miraba, mingine ikijulikana kwa namba tu, na kadiri wateja walivyotaka majina, ndivyo majina yalivyopatikana. Trevor-Roper anatoa mfano mmoja ambao hautamtoka msomaji akilini. Mkuu wa ukoo wa Macpherson aliuziwa miraba ambayo sasa iliitwa Macpherson. Kabla ya hapo iliitwa Kidd, kwa kuwa bwana wa jina hilo aliinunua kwa wingi ili kuwavisha watumwa wake katika visiwa vya Karibi. Na kabla ya Kidd iliitwa Namba 155.

Hebu itafakari habari hiyo kidogo. Nguo ileile, katika muda usiofika maisha ya mtu mmoja, ilikuwa namba ya dukani, ikawa vazi la mtumwa, ikawa fahari ya ukoo.

Mwezi wa Agosti 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh. Kwa zaidi ya miaka 150 hakuna mfalme aliyetawala aliyekuwa amekanyaga Uskoti, basi shughuli ikawa kubwa. Aliyeipanga ni Walter Scott, mtunzi wa Waverley, riwaya iliyotoka mwaka 1814. Scott hakuwa mtu wa milimani. Alizaliwa Edinburgh, katika Uskoti ya kusini, ambako kwa karne nyingi watu wa milimani walidhaniwa kuwa wezi wa ng'ombe na washenzi. Lakini aliwaagiza mabwana waje wamevaa tartani, na mfalme mwenyewe, mtu mnene mno, akavaa kilti na soksi ndefu za rangi ya waridi. Tangu siku hizo vazi la wachache wa kaskazini likawa vazi la taifa zima, hata la wale ambao babu zao walilidharau.

Katika mambo haya yote Trevor-Roper ana haki, na asiyetaka kuyasikia anajidanganya. Ushahidi uliopatikana baadaye haukumpinga. Kipande cha nguo ya miraba kilichofukuliwa katika tope jeusi la Glen Affric kilipimwa, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba kilifumwa baina ya mwaka 1500 na 1600. Miraba ilikuwapo zamani, naye hakulikana hilo. Ila hapana awezaye kusema kipande kile kilikuwa cha ukoo gani.

Basi upofu wake u wapi? U katika mizani aliyoichagua. Aliitazama nguo, akaiona mpya, akahukumu kwamba wenye nguo hawakuwa na kitu chao. Awaelezea watu wa milimani kuwa si taifa mbali, ila ni mafuriko ya Ayalandi yaliyomwagika ng'ambo ya bahari, na utamaduni wao kuwa makombo ya Waayalandi. Ni kweli kwamba lugha yao, Kigaeli, ni ndugu wa lugha ya Ayalandi, na kwamba washairi walivuka bahari huku na huku. Lakini je, ujirani ni umaskini? Mswahili wa Lamu na Mswahili wa Zanzibar wameimbiana kwa karne nyingi. Hatusemi kwamba mmoja wao ni makombo ya mwenziwe. Trevor-Roper anamcheka James Macpherson, ambaye tangu mwaka 1760 alichapisha tungo alizodai kuwa za mshairi wa kale aitwaye Ossian, na kweli Macpherson alitia mengi ya kichwani mwake. Walakini mashairi halisi ya Kigaeli yalikuwapo. Mapema katika karne ya 16 Mkuu wa Kanisa la Lismore na jamaa zake waliyakusanya katika kitabu cha mkono, na kitabu hicho kipo hata leo. Mwizi akiiga sahihi yako, si dalili kwamba hujui kuandika.

Labda msomaji atauliza kwa nini namwandama mwanachuoni huyu. Mtu yuyo huyo, mwaka 1963, katika mihadhara iliyotangazwa kwa televisheni ya Uingereza, alisema kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa. Ipo historia ya Wazungu katika Afrika tu, na iliyobaki ni giza. Mwaka uleule Kenya ilipata uhuru. Sisemi kwamba kwa sababu alikosea juu yetu basi alikosea juu ya kilti. Huo ungekuwa uhakiki wa hasira, na mwanafunzi asijifunze uhakiki wa namna hiyo. Nasema kwamba kosa ni moja katika maandishi yote mawili: kwake yeye lililoandikwa na kuwekwa katika maktaba lahesabika, na lililokaa katika vinywa vya watu halionekani.

Laiti angaliacha kilti kidogo akaingia katika nyumba ya wafanya kazi ya nguo! Katika visiwa vya magharibi mwa Uskoti, nguo ya sufu ikitoka katika kitanda cha mfumi ilikuwa legevu, haifai kuzuia upepo wala mvua. Ililazimu kupigwa hata ikaze. Wanawake waliilowesha katika mkojo uliochacha, ambao hutoa mafuta ya sufu na kuishika rangi, kisha wakaketi pande mbili za ubao mrefu, wakaikamata nguo iliyolowa na kuipiga ubaoni kwa mapigo ya pamoja, wakiipitisha mkono kwa mkono kuzunguka. Mmoja alitoa mstari, wengine wakaitikia kwa kiitikio ambacho mara nyingi hakina maneno, ni sauti tupu za kushika mapigo. Wimbo ulikwenda mpaka pumzi ikataka kupumzika, na mwingine ukaanza. Ilisemekana kuwa ni kisirani kuurudia wimbo mmoja juu ya nguo ileile, kwa hiyo mwimbishaji alihitaji kuwa na akiba kubwa.

Na nyimbo zile zilisema nini? Zilimlilia mchumba aliyezama baharini, zilimsifu nahodha, zilimsuta jirani, ziliwataja vijana wa kijiji kwa majina ili wasichana wacheke. Nyingine zinataja mambo ya karne ya 17. Wanaume hawakukaa ubaoni. Kwa hiyo tuna hapa fasihi kubwa iliyotungwa na kutunzwa na wanawake ambao wengi wao hawakuandika neno, nayo haikutungwa na mfanyabiashara wala kuagizwa na Walter Scott. Wakusanyaji kama Margaret Fay Shaw, aliyekaa Uist ya Kusini na kuchapisha nyimbo za huko mwaka 1955, walizikuta zingali hai. Msomaji uliyesikia wanawake wakiimba wakitwanga au wakilima utaelewa bila kufafanuliwa zaidi.

Hapa ndipo msiba wa jambo lote unapoonekana, na ndilo lalamiko langu kubwa juu ya sura ile: imelipitia kwa haraka mno. Wakati tartani inapandishwa cheo, watu waliofuma na kuimba walikuwa wanafukuzwa. Katika jimbo la Sutherland, baina ya mwaka 1807 na 1821, maelfu ya wapangaji waliondolewa mabondeni ili pawe malisho ya kondoo, kwa kuwa kondoo walileta pato kubwa kuliko watu. Katika bonde la Strathnaver nyumba zilichomwa moto mwaka 1814 na tena mwaka 1819. Patrick Sellar, wakala mmojawapo, alishitakiwa Inverness mwaka 1816 akaachiliwa. Pima tarehe hizo: toka moto wa 1819 hata mfalme kuvaa kilti ni miaka mitatu tu. MacDonell wa Glengarry, aliyeanzisha chama cha Wanamilima wa Kweli mwaka 1815 na kutembea mjini na silaha zake za kikale, alikuwa miongoni mwa mabwana waliowaondoa watu wao mashambani. Nguo ilitukuzwa na walewale waliomfukuza mvaaji.

Lugha nayo ikapatwa. Sheria ya elimu ya mwaka 1872 iliyowaletea Waskoti shule za lazima haikukitaja Kigaeli hata kidogo. Katika shule nyingine mtoto aliyenaswa akikisema alivishwa kijiti shingoni, akakivaa mpaka amnase mwenziwe. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu cha mwaka 1986 jinsi watoto wa Kenya walivyovishwa bamba la chuma kwa kosa la kusema Kikuyu, nanyi wenyewe huenda mmesikia vibao vya namna hiyo vikitajwa na wazee wenu. Mwaka 1891 waliokisema Kigaeli katika Uskoti walipita 250,000. Katika hesabu ya mwaka 2011 walikuwa kama 58,000, na mwaka 2022 wakawa karibu 70,000. Wameongezeka kidogo, na sheria ya mwaka 2005 imekipa Kigaeli baraza lake. Walakini vijijini, ambako mama alikisema na mtoto jikoni, kinaendelea kupungua.

Kitabu kile kina sura nyingine, ya Terence Ranger, inayoeleza jinsi wakoloni walivyotunga mila katika Afrika na kuziita za kale, wakiandika kwamba kabila fulani lina desturi fulani na mpaka wake ni huu. Isomeni sura hiyo pamoja na ile ya Trevor-Roper. Kisha muongeze makala ya Ranger ya mwaka 1993, aliporudi kuyahakiki maneno yake mwenyewe: aliona kwamba neno kutunga limewafanya wenye mila kuwa udongo mkononi mwa mfinyanzi, akapendelea kusema kwamba mila huwazwa, na wanaowaza ni wengi. Mwenzake Oxford hakufika hapo.

Kazi ya kupiga nguo kwa mikono ilikwisha katikati ya karne ya 20, kwa kuwa mashine huikaza sufu bila wimbo. Siku hizi wanawake hupanda jukwaani wakiwa na ubao na kitambaa kilicholoweshwa kwa maji safi, wakakipiga mbele ya wageni walionunua tikiti, wakaziimba nyimbo zilezile kwa Kigaeli chao. Trevor-Roper angesema bila kusita kwamba hii nayo ni mila iliyotungwa. Mimi nimezisikia sauti hizo katika kanda, na jambo moja linanizuia kukubali: mwimbishaji alipotaja jina la mtu aliyezama, waitikiaji walijua litakalofuata.