Mapigano ya Cannae katika Picha za Kompyuta

Mwaka 2004 History Channel ya Marekani ilionyesha mfululizo wa vipindi uitwao Decisive Battles, ambao mapigano ya kale yalichorwa humo kwa programu ya mchezo wa kompyuta, Rome: Total War. Miongoni mwao ni yale ya Cannae, ambapo Hannibal aliwashinda Warumi mwaka 216 kabla ya Kristo.

Manufaa ya picha hizi hayakataliki. Hila ya Hannibal ni ngumu kuieleza kwa maneno: safu ya katikati, iliyopindwa kama mwezi mchanga, yarudi nyuma, Warumi waifuata, askari wa Kiafrika wawabana ubavuni, wapanda farasi wawafunga kwa nyuma. Atazamaye kutoka juu hufahamu mara moja.

Lakini picha ina upungufu ambao lugha haina. Polybius asema askari wa miguu wa Kirumi waliouawa ni kama 70,000; Livy, hata akiwahesabu wapanda farasi pamoja nao, asema 48,200. Mwandishi aweza kusema “yamkini”, na msomaji akatambua shaka iliyopo. Picha haina “yamkini”. Tena Livy ataja upepo uliowapulizia Warumi vumbi machoni. Sisi twatazama kutoka juu, na kuona asiloliona askari yeyote siku ile.

Yampasa basi msimulizi kutaja khabari zimetoka kwa nani, na wapi zahitilafiana. Asipofanya hivyo, kisio litapokewa kuwa ushahidi.