Mizani Nane

Mpwa wangu ana miaka 17 na anaishi Amani kwa bibi yake. Gari likishatoka Muheza na kupita Sigi, hupanda kwa kunguruma, kona baada ya kona, mpaka masikio yanaziba. Huko mvua si habari. Iliki ikianikwa asubuhi, kufika jioni imeshaanuliwa mara tatu. Basi nilipofika, nikaamkiwa, nikapewa chai na baada ya chai daftari, sikushangaa kukuta utenzi wake umeanza hivi: Mvua inanyesha Amani.

"Mjomba, nihesabie. Kuna mahali panachechemea, sipaoni."

Yeye alikuwa amehesabu akapata mizani kumi. Mimi nilinyoosha vidole kama tulivyofundishwa, silabi moja kidole kimoja: mvu-a-i-na-nye-sha-A-ma-ni. Tisa. Kosa lake lilikuwa kwenye mvua. Aliigawa kama mtu, lakini m ya mtu husimama yenyewe, ndiyo maana tunaipa hesabu yake; ya mvua imeegemea v, haina kidole. Hata hivyo tisa nazo hazifai. Utenzi wa kawaida una vipande vinne katika kila ubeti, na kila kipande ni mizani nane. Vitatu vya mwanzo hupatana kwa kina, na cha nne hubeba kina kinachotembea tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Jibu nilikuwa nalo. Nikalimeza pamoja na chai.

Mara matone yakaanza kupiga bati, naye akakimbia kuanua iliki. Aliporudi, mikono imelowa, alisema akiwa bado mlangoni: "Mvua yanyesha Amani."

Nane. Hakuhitaji hata inkisari, ile ruhusa ya washairi ya kukata neno. Alibadili njeo tu. Na tazama alichokipata juu ya hesabu. Inanyesha ni taarifa ya mtu anayechungulia dirishani. Yanyesha ni mvua ya huko juu, iliyokuwako jana na itakayokuwako kesho. Silabi moja imeondoka, maana imeongezeka. Nimesoma insha ndefu juu ya ufundi wa ushairi ambazo hazikunifundisha kiasi hicho.

Mkoa wetu wa Tanga una historia ndefu ya kazi hii ya uandishi. Hapo chini Magila, kwenye mtambo wa wamisionari, Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi ilichapwa kwa sehemu tatu kati ya 1895 na 1907. Mjini Tanga gazeti la Kiongozi lilianza 1904, na walimu na makarani wakawa wanaliandikia. Lakini ninayemfikiria kila nikishika daftari la kijana ni Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa serikali: forodhani, idara ya wanyama, ofisi ya wilaya Tanga, ofisi ya upimaji ardhi. Watu humsoma kwa riwaya yake ya Kusadikika, nami sina ugomvi nao. Mimi hurudi kwenye barua zake.

Alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, tangu 1931 mpaka 1958. Miaka 27! Ulenge akazitunza, na baadaye zikahaririwa na msomi Mulokozi na kutolewa kitabu. Ulenge mwenyewe akawa mwandishi; ndiye wa Nguzo ya Maji. Sisemi barua ndizo zilizomfanya mwandishi, maana hakuna awezaye kulipima hilo. Nasema kijana aliyepata barua za namna hiyo tangu ujana wake hakuwa na nafasi ya kudhani kwamba sentensi ni kitu cha kutupatupa.

Mpwa wangu hofu yake ni nyingine. Utenzi wake unamhusu bibi yake, aliyechuma chai miaka mingi, na anaona kisa ni kidogo. "Nani atasoma habari za kikapu cha bibi?" Nikamwambia habari za Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu na hakujua kusoma, akaimba mpaka akapelekwa Bombay kurekodiwa 1928. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, ukatoka 1958, na vyungu vimo. Angeviacha, angebaki na sifa tupu.

Tena alipofiwa na mkewe Amina, akabaki na watoto, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, akauweka ndani ya Maisha Yangu. Mtu mwenye msiba anahesabu mizani! Zamani niliona ni ubaridi. Siku hizi naona hesabu ndiyo iliyomshika mkono: kilio hakina kipimo, kipande kina nane, na kila neno lililoingia ilibidi lipishwe na jingine.

Wajerumani walipofungua taasisi yao ya utafiti Amani mwaka 1902 walileta miti kutoka pande nyingi za dunia, na kila mmoja ukapewa jina na kumbukumbu yake. Wachuma chai wa kando yake hawajaandikwa hivyo. Nilimwambia mpwa wangu aanze na kikapu: kilikuwa na uzito gani, kamba yake ilipita wapi mwilini. Akaenda kumuuliza bibi, wakakaa jikoni mpaka usiku, mimi nikalala na njaa.

Daftari sasa lina beti 19. Ubeti wa nane una kipande chenye mizani tisa. Nimekiona, sijamwambia.