Wagonga Kijiti wa Walikale

Mtu atokaye Masisi, mashariki mwa Kongo, nchi ya Wahunde yenye milima ya malisho, akateremka upande wa magharibi hadi Walikale, huingia katika msitu wa Wanyanga, na humo ndimo ilimohifadhiwa, bila ya kalamu wala karatasi, hadithi ya shujaa Mwindo, ambayo mwaka 1956 Shé-Kárisi Rureke alimsimulia Mbelgiji Daniel Biebuyck kwa muda wa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza.

Msimulizi amekwisha kusifiwa, na sifa ni haki yake; mimi leo nawasifu vijana waliokaa kando yake wakigonga kijiti kikavu alipokuwa akisimulia. Aghalabu mmoja wao huwa mwanafunzi wa msimulizi mwenyewe, na hapo ndipo ilipo siri ya elimu hii: kabla ulimi wake haujaruhusiwa kusema neno, mikono yake imekwisha kupazoea pahala pake.

Ubongo nao una mapigo yake. Mjerumani Hans Berger alipotangaza mwaka 1929 kwamba ameyanasa mawimbi ya umeme kichwani mwa binadamu, wengi hawakumsadiki. Leo yajulikana kwamba mapigo ya polepole, baina ya 4 na 8 kwa sekunde, huandamana na kazi ya kukumbuka. Na mwaka 1964 mtafiti wa ubongo Grey Walter na wenzake, huko Bristol, walidhihirisha jambo linistaajabishalo zaidi: mtu akipewa ishara, naye akajua kwamba ya pili, ambayo sharti aijibu, itafuata baada ya muda maalumu, umeme wa ubongo wake hujikusanya kidogo kidogo katika kungoja kule, kisha hutawanyika mara ishara ifikapo. Kungoja, basi, ni amali.

Amali hiyo ndiyo waliyoifanya ufundi vijana wa kijiti, kwani pigo lijapo kwa wakati wake humwekea msimulizi ngazi, akakanyaga pasipo kutazama chini. Wala sioni ajabu kwamba katika hadithi hiyo Shemwindo, baba yake Mwindo, alipotaka kumwangamiza mwanawe, alimtia ndani ya ngoma akaitupa mtoni, na mtoto akaimba humo humo.

Kitabu cha mwaka 1969, alichokitoa Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, kina maneno ya Rureke kwa Kinyanga na kwa Kiingereza. Mlio wa kijiti haumo. Ewe kijana wa Walikale, hata kama vita vimekuhamisha kwenu, ukimpata mzee ambaye mikono yake ingali inakumbuka, kaa karibu naye ugonge.