Tamasha la Lagos: Kutazamana na Kutembea Pamoja

Wasomaji wetu wapenda kuulizana asili ya maneno; basi na tuanze na neno. Tamasha limetoka katika Kiarabu kwa njia ya Kiajemi, na shina lake ni lile la kwenda kwa miguu. Maana yake ya kale ni kutembea pamoja. Katika safari yake neno hili limepoteza miguu likabakiza macho, hata kwetu tamasha ni jambo la kutazamwa. Twaona kwamba tofauti hiyo ndiyo kipimo chema cha makutano ya sanaa za mataifa.

Na tulipime kwa kipimo hicho tamasha la pili la sanaa na utamaduni wa watu weusi, liitwalo FESTAC, lililofanywa Lagos, Nigeria, tangu tarehe 15 Januari hata 12 Februari, 1977. La kwanza lilikuwa Dakar mwaka wa 1966, katika utawala wa Rais Léopold Sédar Senghor. Lagos walikusanyika maelfu ya wachezaji, waimbaji, wachongaji na wenye elimu, kutoka Afrika na ng'ambo ya bahari. Wengi walilisifu, wengine walilaumu gharama zake, na Fela Kuti, mwimbaji mashuhuri wa mji ule ule, alikataa kushiriki.

Nembo ya tamasha ilikuwa sura ya Idia, mama yake mfalme Esigie wa Benin, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu katika karne ya 16. Sura yenyewe ilitwaliwa mwaka wa 1897, majeshi ya Uingereza yalipoiteka Benin, nayo imewekwa katika jumba la makumbusho huko London. Wanijeria waliiomba kwa azima tu; wakanyimwa, kwa hoja kwamba pembe ile ni dhaifu. Basi mchongaji wa Benin akachonga nyingine mfano wake. Wako waionao nakala hiyo kuwa aibu, sisi hatukubali. Sura ya kale yashuhudia ufundi wa waliokufa, na ile mpya yashuhudia kwamba mkono haujasahau. Lakini deni halifutwi kwa ustadi wa mdai. Mtu azuiaye chombo cha jirani yake hata siku ya arusi ya jirani huyo, asiseme kwamba wametembea pamoja.

Jambo la pili latugusa sisi wenye Kiswahili. Pamoja na michezo ulikuwako mkutano wa wenye elimu, na humo Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria ambaye lugha yake ni Kiyoruba, alishauri Kiswahili kiwe lugha ya Afrika nzima. Ngoma haihitaji mkalimani. Hoja yamhitaji, na wengi waliokutana Lagos walisemezana kwa lugha za waliowatawala. Shauri lile halikutimizwa. Hata hivyo, mwaka wa 2004 Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliwahutubia wakuu wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili, na mwaka wa 2022 Umoja huo ulikikubali kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi. Hatusemi kwamba Lagos ndiko kulikoleta hayo. Twasema tu kwamba shauri hilo lilitolewa na mtu asiyezaliwa na Kiswahili, naye alilitoa mbele ya mataifa yaliyokusanywa na ngoma.

Hukumu yetu basi ni hii. FESTAC ilifaulu kukusanya, lakini mwezi mmoja watosha kuonyeshana, hautoshi kufunzana. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mchezaji apandaye jukwaani, akapigiwa makofi na kurudi kwao, angali mgeni wa siku ya kwanza. Mwenye kuandaa tamasha yampasa kutayarisha jembe kabla ya jukwaa: mwalimu wa kukaa na wanafunzi, mfasiri wa kufasiri vitabu, fundi wa kuchonga pamoja na fundi mwenziwe. Hapo ndipo neno letu litakaporudishiwa miguu yake.