Mkate na Nyama Viachie Pamoja

Ngamia huweka shahamu yake mgongoni. Ukimpasua ng'ombe aliyenona utaona mistari myeupe imepenya katikati ya mnofu. Kwa ngamia mistari hiyo ni ya kutafuta. Akiba kubwa imepanda kwenye nundu, na mnofu umebaki mwekundu, mkavu, wenye nyuzi ndefu zinazoonekana kwa macho. Ndiyo maana mgeni anayefika mji wa Isiolo, Kenya, akaagiza nyama ya ngamia ya kukaanga mahali pasipo na fundi, hutafuna mpaka akakata tamaa, kisha akaenda kutangaza kwamba ngamia ni mnyama wa maziwa tu. Lawama hiyo ni ya aliyeshika kisu.

Chakula ninachokisifu hapa ni kimoja: nyama ya ngamia iliyokatwa nyembamba, ikakaangwa kwa shahamu ya nundu, ikafungwa ndani ya sabaya, mkate bapa wa Kisomali, ikiwa ya moto. Wasomali huita nyama ya namna hiyo suqaar. Asiye Msomali huagiza tu ya ngamia, na chapati. Kipimo chake ni meno. Ukiuma, mkate na nyama viachie pamoja. Nyama ikikataa kukatika, kipande kizima hufuata meno, mchuzi ukamwagikia shati, nawe ukabaki umeshika mkate mtupu. Mkate ukiwa mgumu kuliko nyama, unaukamua na vilivyomo vinatokea upande wa pili. Kila analofanya mpishi tangu asubuhi, ukichunguza, ni maandalizi ya mng'ato huo.

Isiolo imekaa mahali pazuri kwa kazi hii. Ukitoka Nanyuki unapita Timau, nyanda za juu zenye mashamba makubwa ya ngano chini ya Mlima Kenya, kisha barabara inaporomoka hadi mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, na hewa inabadilika ghafla. Upande wa pili, Garba Tula, Kula Mawe na Merti, ndiko wanakofugwa ngamia. Sisemi unga wa pakiti unaouzwa dukani Isiolo umetoka Timau moja kwa moja. Lakini nafaka na mnyama vinakaribiana hapa kuliko katika miji mingi ya Kenya.

Watu nao walikutana. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wasomali waliowahi kuwa askari wa King's African Rifles walipiga kambi Isiolo na familia zao, wakaishi jirani na Waborana, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Uhusiano wa Wasomali na Waitalia, waliotawala kusini mwa Somalia hadi 1941 na kurudi kama wasimamizi wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1950 hadi 1960, ndio uliotuletea baasto, ile tambi unayoikuta kwenye hoteli za Isiolo ikiwa na ndizi kando ya sahani. Mkate bapa wa Waitalia, piadina ya eneo la Romagna, haukuvuka bahari. Haukuwa na sababu ya kuvuka, kwa kuwa Msomali alikuwa na wake.

Hata hivyo ile mikate miwili inafikiri namna moja. Piadina, ambayo tangu 2014 jina lake linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, ni unga wa ngano, chumvi, maji na shahamu, na kwa desturi shahamu hiyo ni ya nguruwe. Isiolo hilo halisemeki jikoni. Hapa ni samli au mafuta ya kupikia. Lakini kazi ya shahamu ndani ya donge haibadiliki kwa dini. Inapunguza urefu wa zile kamba za gluteni zinazoufanya mkate uvutike, ili ukiumwa ukatike. Mkate usio na mafuta kabisa hunyooka mdomoni, na ukikutana na nyama yenye nyuzi, mlaji ana kesi mbili.

Mama ninayependa kumtazama akipika, ambaye wateja wote humwita hooyo, yaani mama, hata Wameru, hukanda donge lake mapema kuliko inavyoonekana ni lazima. Maji vuguvugu, chumvi, mafuta kidogo, halafu ngumi, mpaka donge linakuwa laini kama ndewe ya sikio. Kisha analifunika na kuliacha. Donge lililotoka kukandwa ukilisukuma linarudi nyuma, na anayelilazimisha hupata mkate mnene katikati. Baada ya kulala, linakubali.

Sabaya haizungushwi kama chapati yetu ya kusukuma. Donge husukumwa duara, likapakwa samli, kisha kingo zikakunjwa kuelekea katikati mpaka pakawa na mraba, likalala tena, likasukumwa tena likiwa mraba ule ule. Watu huona ni suala la umbo tu. Mimi naona ndiyo siri ya kazi hii. Chapati iliyozungushwa ina tabaka za mviringo, na ukiivuta inafunguka kwa kuzunguka, jambo zuri kwa anayechovya maharagwe. Tabaka za sabaya zimelala moja juu ya nyingine, na meno yakishuka yanazikata zote kwa pamoja. Ikitoka kwenye chuma hutiwa kwenye kitambaa na kufunikwa, mvuke wake wenyewe ukailainisha. Ikiachwa wazi hukauka, na ikikunjwa huvunjika.

Sasa kisu. Huko ambako steki ni ibada, nyama hulazwa kwenye baridi kwa siku nyingi kabla ya kuuzwa, vimeng'enya vikailegeza. Isiolo, mnyama aliyechinjwa alfajiri huliwa adhuhuri, kwa hiyo kazi ya zile siku zote huachiwa mkono. Hooyo anachukua sarara au kipande cha paja, anavua utando mweupe bila huruma, kisha anakaa kimya akiitazama nyama. Anatafuta nyuzi zinaelekea wapi. Akishajua, anakata kinyume chake, vipande vya milimita 3 au 4, kila uzi ukibaki mfupi kiasi kwamba hauna la kumfanyia mlaji.

Ugumu ni kwamba paja si msuli mmoja. Katikati ya kipande nyuzi hugeuka, na mpishi wa kawaida huendelea kukata vile vile. Nusu ya chakula chake ni laini na nusu ni kamba. Hooyo hugeuza nyama. Kisu kinabaki palepale, mkono wa kushoto unazungusha kipande kidogo, tena kidogo, bila kusimama wala kuacha kuzungumza na mteja. Nimejaribu kuona kwa macho yangu pale nyuzi zinapogeuka, na mara nyingi nimeona baada ya yeye kuwa ameshapita.

Shahamu ya nundu huyeyushwa kwanza, ikirudishia mnofu kile ambacho mwili wa ngamia uliutenga nacho. Moto ni mkali na nyama huingia kidogo kidogo. Ukijaza kikaango, maji ya nyama hutoka kwa pamoja na joto likakwama chini kidogo ya nyuzi joto 100, ambapo nyama huchemka tu ikawa kijivu. Ile rangi ya kahawia yenye harufu huhitaji kama 140. Kitunguu baadaye, pilipili hoho baadaye zaidi, chumvi karibu na mwisho. Kuhusu xawaash, ule mchanganyiko wa bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, iliki na wenzake, mimi ni mbahili. Nyama ya ngamia ina utamu wake wa mbali, na wapishi wengi wa barabara ya Moyale huuzika kwa viungo.

Mji huu una jibu jingine kwa nyuzi ndefu, nyirinyiri: nyama huanikwa, ikakatwa vipande vidogo mno, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta ikakaa miezi. Ni ustadi mkubwa wa watu wa safari, lakini haitaki mkate. Huliwa kwa kudokoa, na chai.

Kwa hooyo, sabaya hutolewa kwenye kitambaa, nyama hutoka motoni moja kwa moja, mkunjo mmoja, upande wa chini ukifungwa. Tabaka ya ndani inanywa shahamu, ya nje inabaki kavu mkononi. Ubishi uliobaki ni wa basbaas, ile pilipili mbichi iliyosagwa na giligilani na ndimu. Vijana huitaka ndani. Hooyo huiweka kando kwenye kibakuli, kwa kuwa ndimu huloanisha mkate kabla haujafika mdomoni, na anayetaka ndani huambiwa aitie mwenyewe.