Kiburi cha Nani? Ushujaa na Uwezo wa Mungu katika Masimulizi ya Bungoma na Kitale

Mwanafunzi wa fasihi atokaye Kimilili au Kitale akifika chuo kikuu husomeshwa Mfalme Edipode, katika tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1971, kabla hajaulizwa habari za Mango. Humo hujifunza kanuni moja nyepesi kukumbuka: shujaa hupanda, hujivuna, kisha miungu humwangusha. Likizo ikifika huichukua kanuni hiyo nyumbani, akampimia Mango, akampimia Fumo Liyongo, akampimia Elija Masinde. Haimkatalii hata mmoja, na jambo hilo lingepasa kuwatia shaka walimu wake. Kipimo kinachomwenea kila mtu hakijampima yeyote.

Kosa lenyewe huanzia katika tafsiri ya neno. Wahakiki wengi hulitafsiri neno la Kigiriki, hubris, kwa "kiburi". Lakini kiburi katika Kiswahili kina historia yake. Ni dhambi ya Iblisi aliyekataa kusujudu, na mwenye kiburi tayari amekwisha kuhukumiwa kabla hadithi haijaanza. Kando ya neno hilo Kiswahili kina fahari, kina majivuno, kina majigambo, na hayo si mamoja. Majigambo ni tendo la hadharani lenye kanuni zake, wala anayejigamba si lazima awe na kiburi. Isitoshe, Wagiriki wenyewe hawakulitumia neno lao hivyo. Huko Athene hubris lilikuwa kosa la kushtakiwa, na Aristotle, katika kitabu chake cha balagha, analieleza kuwa ni kumwaibisha mtu si kwa kutafuta faida bali kwa raha ya kumwona ameaibika. Katika maandishi yake juu ya tanzia anazungumzia kosa la shujaa, wala hasemi kwamba kosa hilo ni kiburi. Na Edipode alitabiriwa maafa yake kabla ya kuzaliwa. Ni vigumu kusema alijivuna tumboni.

Sasa na tumtazame Mango. Wabukusu husimulia kwamba palikuwa na joka kubwa katika pango la Mwiala, lililokuwa likiua watu na mifugo, na wana wa Mango walikuwa miongoni mwa waliouawa. Mango akatamka mbele za watu kuwa ataliua. Akajificha pangoni joka likiwa halipo, na liliporudi akalikata kichwa. Majirani zao, ambao Wabukusu huwaita Barwa, waliposikia hayo wakaona kwamba mtu kama huyo anastahili kutahiriwa, na huo ndio mwanzo wa tohara inayosimuliwa hadi leo.

Mhakiki mwenye kanuni mfukoni hukimbilia majigambo ya Mango na kungoja adhabu. Adhabu haiji. Kinachokuja ni kisu. Mtu ametoka pangoni na damu ya joka mikononi, na tuzo lake ni kusimama wima akakatwa asipepese jicho! Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Majigambo yake yalikuwa kiapo: baada ya kuyatamka hakuwa na njia ya kurudi nyuma. Na fahari aliyoipata hakuachiwa peke yake, kwa maana kila mwaka wa tohara, ambao ni kila mwaka wa pili, wavulana wa Bungoma na Trans Nzoia husimama mahali pake huku Sioyaye ikiimbwa. Fahari ya Mango imegawanywa kama nyama ya sadaka. Ndivyo ilivyo pia katika kumuse, hotuba itolewayo baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima. Msemaji hutembea uwanjani akieleza asili ya kabila na koo zake, na katika maelezo hayo ndimo marehemu hupewa nafasi yake. Walio hai nao hawaponi, hukemewa.

Mungu yuko wapi katika haya? Okot p'Bitek alikwisha kuonya mwaka 1970 kwamba wataalamu wamezoea kuivika miungu ya Afrika majoho ya Kigiriki. Wele Khakaba, yaani Mungu agawaye riziki, hana wivu na mwanadamu aliyefanya jambo kubwa. Taabu, kwa mujibu wa imani hiyo, huweza kuletwa na kimisambwa, mizimu ya wazee waliosahauliwa. Kosa basi ni kusahau. Tanzia ya Kigiriki, kama ifundishwavyo, humwogopesha mtu asivuke mpaka; masimulizi ya Kibukusu humwogopesha asiache nyuma deni.

Kwa msingi huo ndipo yafaa kumsoma Masinde, ambaye ni mtu wa historia na wakati huohuo mhusika wa masimulizi. Alilelewa katika misheni ya Marafiki, akatengwa kwa kuoa mke wa pili. Aliwahi kuichezea Kenya kandanda. Katika miaka ya vita alipinga uandikishaji wa vijana na amri za maofisa wa kilimo. Mwaka 1945 serikali ikampeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa huko hadi 1947. Mwaka huohuo wa kutoka aliwaongoza watu hadi Chetambe, karibu na Webuye, kuwakumbuka waliouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Deni la miaka zaidi ya 50 lilikuwa halijalipwa. Wafuasi wa Dini ya Msambwa waliuita mlima Elgon Sayoni, na miguuni pa mlima huo kulikuwa na mashamba ya walowezi kuizunguka Kitale, ambamo Wabukusu wengi walifanya kazi katika ardhi waliyoihesabu kuwa ni yao.

Wapo wasemao kwamba Masinde aliponzwa na kiburi cha kujiona nabii. Ikiwa ni lazima neno la Kigiriki liletwe Bungoma, basi na liletwe kwa maana yake. Ni nani aliyemwaibisha mwenziwe? Mtu anaiambia serikali iondoke, nayo haimjibu. Inamwandika kuwa mwendawazimu. Hubris hapa ni ya serikali.

Hata hivyo, wanaomsifu nao wanadaiwa. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati uliokusanyika Malakisi, wakaua watu 11. Siku chache baadaye Masinde akakamatwa. Sifa za Masinde huwapita watu hao mbio, kana kwamba walikuwa vumbi la nyayo zake. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile, tamthilia ya mwaka 1969, hakumruhusu shujaa wake kupita mbio hivyo. Kinjeketile anaona maji hayazuii risasi, anaona waliokufa, na bado anakataa kuikana itikadi iliyowaunganisha watu, kwa kuwa kuikana kungewasaliti watakaokuja. Uamuzi wake unabishika, na ndiyo maana tamthilia hiyo ingali hai. Masinde wa masimulizi hana shaka wala hapewi nafasi ya kuulizwa. Huo ni upungufu wa kifasihi, tena mkubwa, na hauponyeshwi kwa kumwita nabii wala kwa kumwita mwenye kiburi.

Serikali ilimhamishia Masinde Lamu, na baadaye Marsabit, akakaa uhamishoni zaidi ya miaka 10. Lamu ndio mji wa Muhammad Kijumwa, aliyeandika Utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913. Liyongo naye hakuangushwa na Mungu. Aliuawa na mwanawe aliyehongwa, kwa sindano ya shaba ya kitovuni. Akafa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wasiojua kuwa amekufa wakaogopa kusogea. Kijumwa angeweza kuuacha utenzi wake hapo, kwenye maiti yenye kutisha. Lakini aliwaonyesha pia watu wa mji, wamesimama mbali na mitungi mitupu, wana kiu, hata wakaenda kumsihi mama wa shujaa aje amwombe mwanawe awaachie maji. Kuwataja hakukumpunguzia Liyongo kitu.